Mbona Pemba ina ndege wake na Unguja haina? Na sisi Mombasa je?

Dau_la_Tudor (mwanzisha mada)

Assalaam alaykum jamaa wa jukwaa.

Mimi ni mtu wa shehena, ndege si fani yangu. Kazi yangu ni kuvuka na mizigo kutoka Bandari ya Kale hapa Mombasa mpaka Wete na kurudi. Safari iliyopita mashine ilitugomea, tukawa tunangoja spea kutoka Tanga. Kukaa bure nako kunachosha, basi nikafuatana na kijana mmoja wa Konde mpaka msitu wa Ngezi. Huko akanionyesha ninga. Ninga nawajua, hata huku kwetu wako. Lakini huyu wa Pemba kichwa na kifua ni kijivu, kijani kimeanzia mgongoni, na begani ana baka la zambarau. Kijana akaniambia, "Huyu duniani kote yuko Pemba tu." Usiku bundi mdogo akalia kwenye mikarafuu nyuma ya nyumba tuliyofikia: wa Pemba tu. Asubuhi chozi yuko kwenye ua la mgomba: wa Pemba tu. Kinengenenge, yule mdogo wa manjano mwenye duara jeupe la jicho: wa Pemba tu. Hata popo wao mkubwa! Nikasema moyoni, hawa sasa wananifanyia biashara.

Baadaye nilipokwenda Unguja nikamuuliza mtembeza wageni mmoja wa Jozani, nikitaraji atanishushia orodha ndefu. Akanitajia kima punju, akanitajia paa nunga. Ndege je? Akasema wako tele, ila wote na bara wako.

Sasa nisaidieni. Unguja ni kubwa kuliko Pemba, na bahari ni hiyo hiyo. Mbona moja ijaliwe ndege wanne wa peke yake, na nyingine isijaliwe hata mmoja? Na Mombasa nayo si kisiwa? Jingine ndilo linaloniwasha zaidi: ndege akishakuwa wa kisiwa kimoja tu, je, ndio kwanza anaanza au ndio anamalizia?

---

Kijana_wa_Kongowea

Mombasa tuna kurabu, hawa kunguru wa mjini, ndugu yangu. Anayemtaka aje na gunia, tutamfungia na vifaranga wake, bei ya bure.

Mimi naona ni msitu tu. Pemba kuna miti, Unguja wamejaza mahoteli. Penye miti ndipo penye ndege, hapo hapana falsafa.

---

Pima_Saba

Msitu si jibu, kijana wa Kongowea. Misitu ya Pemba ilifyekwa sana tangu karne ya 19 ili ipandwe mikarafuu, na Ngezi ni kipande kilichosalia. Ingekuwa ni miti tu, Pemba ingekuwa imeshapoteza kila kitu.

Dau la Tudor, alaykum salaam. Swali lako ni la chati, na chati ndiyo iliyonilisha mpaka nikastaafu: kazi yangu ilikuwa kupima kina cha bahari. Ndege nilianza kuwaangalia kwa sababu kwenye meli za upimaji kuna kungoja kwingi, na kapteni mmoja aliniachia darubini yake. Kwa hiyo mnivumilie, nitaandika kirefu.

Tandika chati ya pwani yetu mezani. Mkondo wa Unguja, kati ya kisiwa na bara, ni maji ya makumi ya mita tu. Mkondo wa Pemba ni mamia ya mita, na kuna mahali panakaribia 800. Sasa rudi nyuma miaka kama 20,000, barafu ilipokuwa imetamalaki kaskazini ya dunia. Maji mengi yalikuwa yameganda huko, na bahari ilikuwa chini ya ilivyo leo kwa mita zipatazo 120. Chukua kalamu, toa 120 katika kila namba ya chati. Unguja inashikana na bara. Chui alikwenda kwa miguu, na kima, na paa. Pemba ukitoa 120, bado ni bahari tupu. Hakufika huko ila mwenye mabawa, au aliyechukuliwa na gogo, au aliyepakiwa na mwanadamu.

Basi Unguja si kisiwa cha kale. Bahari ilipopanda tena ndipo ilipokatika na bara, na muda huo, miaka kama elfu kumi, kwa ndege ni kidogo. Unatosha kumbadilisha mtu rangi na saizi, ndiyo maana kulukulu wa Unguja wataalamu humhesabu kuwa namna yake mbali kidogo na yule wa bara. Kumfanya spishi nyingine, bado. Pemba imekaa peke yake muda mrefu mno kuliko huo.

Na Mombasa? Mombasa hata haikuhitaji zama za barafu. Kabla ya kujengwa njia ya Makupa, watu walivuka pale kwa miguu maji yakitoka; Wazimba mwaka 1589 walikuja kusimama hapo hapo kabla ya kuingia mjini. Pale mbuzi anapovuka, kinengenenge hajui hata kama pana bahari. Ndege wa Mombasa ni wale wale wa Nyali, wa Likoni, wa Changamwe.

Nije kwenye swali lako la mwisho, ambalo ndilo lililonikalisha kitako.

Alikuwako Mmarekani, Edward O. Wilson, mtu wa sisimizi. Mwaka 1959 na 1961 aliandika juu ya sisimizi wa visiwa vya Melanesia, huko Pasifiki, akaonyesha jambo moja: wale wanaopatikana kila kisiwa, na hawatofautiani, huishi pembezoni, ufukweni na kwenye ardhi iliyovurugwa. Wale wa kisiwa kimoja tu wako ndani, kwenye msitu wa kale, juu milimani. Akasema hao si watu wawili tofauti, ni safari moja iliyoshikwa mwanzo wake na mwisho wake. Mwaka 1972 Robert Ricklefs na George Cox wakaichukua fikra hiyo wakaipima kwa ndege wa visiwa vya Karibi. Wakaona ndege hufika, akatapakaa visiwa vyote akiwa sura moja. Kisha kila kisiwa kinamgeuza kivyake. Kisha anaanza kukosekana, kisiwa hiki yupo, kile hayupo. Mwisho amebaki kisiwa kimoja, na ndani ya kisiwa hicho amebaki pembe moja.

Kwa nini asibaki alivyokuja? Anapofika anakuwa amewaacha maadui zake kwao: vimelea, maradhi, washindani. Anastawi, anajaza pwani. Lakini wenyeji hawalali. Wadudu anaowala, kizazi baada ya kizazi, wanabaki wale wanaojua kumkwepa. Vimelea wa hapo wanamjulia. Nyuma yake anakuja mgeni mwingine mwenye nguvu mpya, na huyu wa kwanza anasogezwa ndani, kisha juu.

Nendeni Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, mkaone. Meli yetu iliwahi kukaa Moroni, na mwenyeji mmoja akakubali kunipeleka mlima Karthala. Huko chini, kwenye mipapai na mashamba, kinengenenge ni wengi, wa manjano, wanapita makundi makundi wakilialia, nawe hutazami mara ya pili. Unapanda msitu, unapanda tena, msitu unakwisha. Juu ya mita 1,700 hivi yanabaki majani na vichaka vyenye vijani kama sindano, upepo unavuma na chini ya viatu ni mawe ya moto wa zamani. Humo yumo kinengenenge mwingine. Rangi ya zeituni, hana papara kama wa chini. Alikuwa akipekua kijitawi kimoja mpaka kwisha kabla hajaruka kwenda cha pili, karibu na goti langu, kama vile sipo. Duniani kote makazi yake ni kilele cha mlima huo mmoja, na mlima wenyewe ni volkano hai. Waliosoma DNA zao wanasema hawa wawili hawakutokana na uhamiaji mmoja: wa juu ni wa ukoo wa kale wa Bahari ya Hindi, wa chini ni wa wimbi jingine.

Ukishuka Mauritius na Réunion utakuta mpango unaofanana: kila kisiwa vinengenenge wawili, wa kijivu aliyezagaa mpaka bustani za watu, na wa zeituni wa nyanda za juu. Yule wa zeituni wa Mauritius leo ni adimu mno.

Kwa hiyo, mwanangu, ndege wa kisiwa kimoja anaweza kuwa amechipuka hapo hapo au ni masalia ya ukoo uliowahi kutapakaa. Umri haumwandiki usoni. Unamtafuta katika mahali anapoishi, na katika jeni zake.

---

Mwana_wa_Voi

Mzee Pima Saba, heshima zako. Chati umeisoma vizuri sana, na Karthala umenitia wivu. Lakini hii habari ya safari yenye mwanzo na mwisho nina maneno nayo, maana ndiyo niliyosomea.

La kwanza, Pemba wenyewe wanaipinga. Kama ndege wa kisiwa kimoja husukumwa mpaka msitu wa kale, mbona chozi wa Pemba na kinengenenge wa Pemba wako kwenye migomba na mikarafuu, mpaka uani kwa watu? Kaka Dau mwenyewe amemwona chozi asubuhi kwenye ua la mgomba. Ninga na bundi ndio wa kuhangaikiwa, na bundi naye anaishi mikarafuuni. Nadharia ingetaka wote wanne wawe wamejificha Ngezi.

La pili ni kubwa zaidi. Gregory Pregill na Storrs Olson mwaka 1981 waliwajibu akina Ricklefs kwa mifupa. Mapangoni kwenye visiwa vya Karibi kuna mifupa ya wanyama na ndege ambao leo wako kisiwa kimoja au viwili, kumbe zamani walikuwa pengi. Hali ya hewa ilibadilika baada ya zama za barafu, nchi kavu za vichaka zikapungua, bahari ikapanda ikala ardhi. Halafu wakaja watu. David Steadman naye amechimba visiwa vya Pasifiki miaka na miaka, akakuta hivyo hivyo: ndege waliodhaniwa wa kisiwa kimoja tangu kuumbwa walikuwa visiwa vingi, mpaka watu walipofika na moto, panya na njaa zao. Sasa ukitazama ramani ya leo ukaona ndege amebaki pembe moja, ukasema "amezeeka", utakuwa unasoma ramani iliyokwisha kuchanwa.

Na kwetu Taita twalijua hili bila bahari. Vilima vyetu ni visiwa: juu ni msitu wa ukungu, chini ni nyika kavu ambayo ndege wa mlimani haivuki. Kinengenenge wa Taita yuko kwenye vilima vyetu na mlima Kasigau, basi. Jeni zimeonyesha kwamba vinengenenge wa milima ya Afrika Mashariki hawakutokana na mmoja aliyeruka mlima hadi mlima. Wengine jamaa zao wa karibu ni wa nyanda za chini, si wa mlima jirani. Lakini wakipungua leo, si kwa sababu wamefika mwisho wa safari. Ni kwa sababu msitu wa asili wa Taita umebaki vipande vipande, na katikati yake kuna mahindi na mikalitusi. Kipande kimoja unakizunguka kwa miguu kabla ya chai ya saa nne.

---

Dau_la_Tudor

Ahsanteni nyote wawili. Mimi nimeshaifungua chati ya kapteni wetu na nimeona mkondo wa Pemba, kweli pale namba zinatisha. Sikuwahi kuzifikiria zaidi ya kutia nanga.

Nina moja la kijinga. Kurabu hapa Mombasa wana miaka mingi. Wakikaa, wakikaa, hawatakuwa spishi ya Mombasa? Maana kwa maelezo ya Mzee, wao ndio ile hatua ya kwanza: wako kila mahali, wako mjini, na sura moja.

---

Kijana_wa_Kongowea

Mungu apishe mbali. Asubuhi hii kurabu wamemaliza viota vya minana kwenye mwembe wa jirani. Mmoja anakamata kiota kwa mguu, anakitoboa ubavuni si mlangoni, anachomoa kifaranga. Minana wanapiga kelele tu.

---

Pima_Saba

Swali lako si la kijinga, Dau. Kurabu ni hatua ya kwanza barabara, ila ametumia njia ya mkato. Kwao ni Bara Hindi na majirani zake. Alipelekwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili ale taka za mji, na Mombasa akaonekana mwaka 1947. Miaka hiyo kwake ni punje. Tena hana upweke. Spishi mpya yataka kukatika: asije mwingine wa kwao akachanganya damu. Kurabu yuko pwani nzima, anavuka daraja la Nyali akitaka, na meli zinaendelea kumleta. Maadamu bandari inafanya kazi, atabaki kurabu yule yule. Na akipungua, atapunguzwa na sumu: mwaka 2024 Shirika la Huduma za Wanyamapori lilitangaza mpango wa kuondoa kunguru hao milioni moja. Hata hivyo mdanganyifu huyu ana akili. Akiona wenzake wamekufa penye chambo, hagusi tena.

Lakini kuna jambo katika swali lako ambalo wakubwa wa elimu hii limewasumbua. Kama ndege ni msafiri hodari, si atakuwa anaenda na kurudi, anachanganya damu, na spishi mpya hazipatikani? Na kama si msafiri, alifikaje kisiwani? Vinengenenge ndio mfano wa fumbo hilo. Mwaka 1856 kundi lao lilivuka kutoka Australia hadi New Zealand, bahari ya kilomita 2,000 hivi, na wakakaa. Mwaka 1904 wakafika kisiwa cha Norfolk. Walipofika Norfolk walikuta vinengenenge wengine wawili, spishi mbili za hapo hapo, wazao wa wale waliotangulia zamani. Mawimbi matatu katika kisiwa ambacho ungekizunguka siku moja! Na huyo wa kale mmojawapo, mwenye kifua cheupe, kwa miaka mingi hajaonekana kwa uhakika.

Sasa nenda visiwa vya Solomon. Ghizo, Ranongga, Vella Lavella na Kolombangara vinaonana kwa macho, na kila kimoja kina kinengenenge wake. Kolombangara kina wawili, mmoja chini na mmoja mlimani, kama Ngazidja. Mwaka 1976 Jared Diamond na wenzake waliwapa hawa jina la waundaji wakubwa wa spishi. Aliyevuka kilomita 2,000 leo hataki kuvuka mkondo wa kilomita chache. Maelezo yanayoniridhisha ni haya: anayefika ni yule mwenye kiherehere cha kusafiri. Lakini akishafika, wanawe wenye kiherehere wanaruka kwenda baharini na wengi hawarudi. Wanaozaa ni waliotulia. Baada ya vizazi vingi kisiwa kimejaa watulivu. Réunion wametulia mpaka ndani ya kisiwa kimoja wamegawanyika rangi, na mipaka yao ni mito na mitiririko ya lava iliyoganda. Ukoo mzima wa vinengenenge umezaa spishi zaidi ya 100 ndani ya miaka kama milioni mbili, na kwa ndege hiyo ni kasi ya ajabu.

Kutulia kukizidi, hata mabawa yanaachwa. Kuruka ni gharama. Misuli ya kifua inakula chakula kingi. Pasipo na chui wala fungo, ya nini? Mfano niupendao ni wa Aldabra, Ushelisheli. Kuna kiluwiri, ndege mwembamba wa miguu mirefu kama kuku aliyekonda, asili yake Madagaska. Alifika Aldabra, akaacha kuruka. Miaka kama 136,000 iliyopita bahari ikapanda ikakifunika kisiwa chote, na yeye, hana mabawa ya kumfaa, akazama nacho. Bahari iliposhuka, viluwiri wengine wakaja tena kutoka Madagaska, na wao pia wakaacha kuruka. Julian Hume na David Martill walilionyesha hilo mwaka 2019 kwa kulinganisha mifupa ya kabla ya gharika na ya baada: mfupa wa mguu wa miaka kama 100,000 iliyopita tayari umenenepa kama wa ndege anayeelekea kuacha kuruka. Wa pili wako hai leo, nenda uwaone.

Binti yangu wa Voi, maneno yako nimeyachukua kwa mikono miwili, ila nikurudishie kidogo. Ricklefs hakunyamaza. Mwishoni mwa miaka ya 1990 yeye na Eldredge Bermingham walirudi Karibi wakapima umri wa koo kwa DNA, si kwa ramani. Wakakuta wale waliotapakaa bila mapengo kwa kawaida ndio wachanga, na wenye mapengo ndio wa zamani. Mifupa haiwezi kuyafuta hayo. Tena wakakuta wengine wa kale waliwahi kupata nguvu mpya wakatapakaa upya, kwa hiyo si lazima mwisho uwe kufa. Huenda chozi wako wa Pemba ni mmoja wa hao: shamba la mikarafuu limempa pwani mpya ya kuishi. Hilo ni wazo langu, halijaandikwa mahali.

Ila tuko pamoja katika jambo moja, nami nalisema kwa uchungu. Dodo hakuzeeka. Alikuwa njiwa aliyejaa nyama katika kisiwa kisicho na mla nyama, wakaja watu na panya, nguruwe na nyani, na mwaka 1662 ndio wa mwisho ambao wengi wanaukubali kuwa alionwa hai. Safari ya Wilson huchukua miaka laki kadhaa, wakati mwingine mamilioni. Guam, kisiwa cha Pasifiki, nyoka wa aina moja, aliyefika na mizigo ya kijeshi baada ya Vita vya Pili, alimaliza karibu ndege wote wa msituni ndani ya umri wa mtu mmoja. Hawaii ndege wa ukoo mmoja, walioanza na chiriku kutoka Asia wakajigawa zaidi ya spishi 50, midomo ya kila namna, wengi wao wameuawa na malaria ya ndege inayoenezwa na mbu walioletwa na meli miaka ya 1820. Waliosalia wamekimbilia milimani ambako baridi inamzuia mbu. Mtu asiyejua historia angewaona huko juu akasema: hawa ni wazee, wamefika hatua ya mwisho. Usimsingizie uzee aliyepewa sumu.

---

Mwana_wa_Voi

Hapo kwa Hawaii umenimaliza, Mzee. Nakubali DNA ya Karibi. Ila niongeze: hata ile safari ya kawaida ilitegemea kwamba nyuma ya anayekufa kuna mwingine anayefika na kugeuka. Leo wanaofika ni kurabu, shomoro wa mjini na njiwa wa majumba, wale wale dunia nzima, na meli na ndege za abiria haziwapi nafasi ya kukatika. Kufa kunaendelea, kuzaliwa kumesimama.

---

Pima_Saba

Nalikubali bila nyongeza.

Dau, kwako wewe mtu wa shehena. Mwaka 1918 meli iitwayo Makambo ilipanda mwamba kisiwani Lord Howe, Australia. Watu waliokolewa, panya nao wakashuka. Miaka michache baadaye ndege watano wa kisiwa hicho walikuwa wamekwisha, akiwemo kinengenenge wao mkubwa. Panya wa Lord Howe walikuja kutokomezwa mwaka 2019, karne nzima baadaye, kwa fedha nyingi. Ninyi mnaofunga kamba Wete, na vile visiwa vidogo vya pembeni mnakotia nanga upepo ukiharibika, mna kinga za panya kwenye kamba?

---

Dau_la_Tudor

Kusema kweli, Mzee, hatuna. Wete panya wameshajaa tangu enzi za babu zangu, lakini kwenye vile visiwa vidogo sijui. Nahodha atacheka, ila nitamwambia. Zinauzwa wapi?

---

Kijana_wa_Kongowea

Usinunue. Fundi bati yeyote wa Mwembe Tayari atakukatia. Ni sahani ya bati yenye tundu la kamba katikati na mkato wa kuipitishia. Ila mwambie aifanye pana, kwa sababu panya wa bandarini ni wakubwa na wanaruka. Na uifunge mbali na ukuta wa gati, ukiibandika karibu anaikwea kama ngazi.

---

Pima_Saba

Upana uzidi kidogo urefu wa mkono wako toka kiwiko mpaka vidole. Na ngazi ya kushukia msiiache usiku kucha.